Bangili ya Kaburini

Jioni ile nilirudi karakanani kuchukua miwani niliyoisahau. Hiyo ndiyo sababu niliyompa mume wangu. Sababu ya kweli ilikuwa Otylie.

Miaka ishirini na miwili nimeyeyusha kioo katika bonde hili la Bohemia. Otylie kaja juzi tu na kompyuta yake. Aliipiga picha pande zote bangili ya kioo cha buluu ya Wakelti, watu wa kale wa hapa, iliyofukuliwa kaburini, akaliunda umbo lake kwenye kompyuta, akatengeneza kalibu ya plasta, na makumbusho yakampa yeye kazi ya kutoa nakala yake. Mimi nikabaki kufagia vumbi la plasta. Wivu ulinichoma, sitaficha.

Kwetu hata mtoto anajua: kioo kikiwa kinapoa, tanuri halifunguliwi mpaka kesho kutwa. Ukiharakisha, kinapasuka. Nakala ya Otylie ilikuwa humo, ikipoa.

Nikalifungua.

Nilisubiri ule mlio... tik. Haukuja. Joto nalo halikuja. Ilikuja harufu ya udongo mbichi. Plasta ilikuwa imebanduka yenyewe, na bangili ilikuwa nzima, baridi kama maji ya kisima. Uchungu ukanizidi: hata kuharibu nimeshindwa! Basi nikaivaa mkono wa kushoto, angalau niwe wa kwanza.

Iliingia bila taabu.

Mtu akapumua nyuma ya sikio langu.

"Yangu..."

Sauti ya mtoto.

Asubuhi Otylie alinikuta sakafuni nikiivuta, sabuni hadi kiwikoni. Hakunigombeza. Aliugeuza mkono wangu huku na huku.

"Blažena, mwenzangu, umeiingizaje hii?"

"Kama bangili yoyote."

"Haiwezekani. Hiki ni kipimo cha mtoto. Wasichana wa Kikelti walivishwa wakiwa wadogo, wakakua nayo, wakazikwa nayo. Mimi hata vidole havipiti."

Akachukua nyundo. Alipoigonga kidogo tu, maumivu yakanipasua ndani ya mfupa, nikamshika nguo nikimsihi aache. Mimi, niliyekuja kuivunja.

Otylie alitengeneza nyingine. Kule makumbushoni walimpigia makofi, nami nilisimama nyuma kabisa, nimevaa mikono mirefu. Ajabu, wivu sikuwa nao tena. Anao mwenye sauti ile: nikishika bomba la kupulizia kioo, bangili hubana mpaka niliachie.

Jana pete yangu ya ndoa ilidondoka yenyewe kwenye sinki. Nikaulinganisha mkono ule wa kushoto na wa mjukuu wangu, mwenye miaka minane.

Wake ni mkubwa kidogo.

Na bangili bado haitoki.