Mbao Nilizoziacha Nyumbani

Wanaonijua watakuambia kwamba gari la Mwero halikwami. Ni kweli. Tangu mwaka wa sitini na nne halijakwama hata mara moja, kwa sababu mbao zangu mbili hazishuki garini, hata nikienda dukani kununua chumvi. Watu hudhani ni uhodari. Mimi najua ni woga.

Nilikuwa dereva wa Landrova ya ofisi iliyogawa mashamba kule vilimani, juu ya Msambweni. Mkubwa wangu alikataa kununua minyororo ya magurudumu, akasema ni anasa. Basi nikajitengenezea yangu. Nilichukua mbao mbili za mnazi, nikazipigilia vipande vya tairi kuukuu upande wa juu. Gari likizama, unazisukuma chini ya magurudumu, tairi linashika tairi, unatoka. Madereva wa Matuga walinicheka, halafu wakaja kuniiga mmoja mmoja.

Siku ile ya Aprili, masika yamekolea, nilizishusha mbao asubuhi. Nilitaka nafasi ya magunia ya makaa, biashara yangu ya pembeni ambayo mkubwa hakuijua. Nilijiambia kutwa moja haina neno.

Jua lilikuwa limeinama nilipokuwa nikirudi nyumbani na magunia matupu. Muthoka akanisimamisha njiani. Muthoka ni Mkamba aliyekuja kutoka bara kupewa shamba, mtu wa kazi nyingi na maneno machache. Nyuma yake mkewe, Mbula, alikuwa ameketi juu ya gogo, jasho likimtiririka.

"Mwero, ndugu yangu, mtoto amekataa kutoka. Tangu jana. Mkunga amesema tumpeleke Msambweni, sasa hivi."

"Ingieni," nikasema.

Tulimlaza Mbula nyuma, juu ya magunia. Hakutaka mwanamume karibu, kwa hiyo Muthoka akaketi mbele nami. Sikuzikumbuka mbao.

Nilizikumbuka bondeni, magurudumu ya nyuma yalipozama.

Udongo wa pale ni mweusi, unanata. Tulikata matawi, yakamezwa. Tuliweka magunia mawili, gurudumu likayachana na kuyatema. Kila nilipokanyaga mafuta tulizidi kushuka. Nyuma, Mbula alilia, kisha akaacha kulia akawa anakoroma tu. Muthoka alinishika bega.

"Fanya chochote, Mwero. Chochote."

Juu ya njia palikuwa na boma lililohamwa. Nyumba zilikuwa zimeanguka. Mbele yake vilisimama vigogo vitatu vya mti mgumu, vimechongwa kichwa na shingo, na shingoni vimefungwa vitambaa vilivyochakaa.

Mimi ni Mduruma. Sikuhitaji kuambiwa. Zile zilikuwa koma. Mzee wetu wa ukoo akifa, halafu akaanza kuwajia watoto wake ndotoni akilalamika baridi, husimamishiwa kigogo na kumwagiwa tembo la mnazi, naye akapata mahali pa kukaa. Watu wakihama, koma haihamishwi. Haiguswi.

Nikaigusa.

Viwili vilitoka upesi. Cha tatu, chembamba, kilichofungwa kipande cha kaniki, kilinigomea. Nilikitikisa huku na huku kama jino bovu mpaka kikang'oka.

Muthoka alivipokea, akavigeuza mikononi. "Hivi ni nini?"

"Vigingi vya zizi la mbuzi."

"Na hivi vitambaa?"

"Watoto walikuwa wakicheza."

Nilisema bila kusita, kama mtu aliyejiandaa. Yeye mgeni, angejuaje? Angalijua, asingaliviweka chini ya gurudumu kwa mikono yake mwenyewe, na aliviweka.

Nikawasha gari. Magurudumu yakapanda juu ya vigogo... yakashika...

Kukatoka kilio.

Si cha Mbula. Kilitoka chini.

Kisha, kraa! Kitu kikavunjika, na Landrova ikaruka mpaka pakavu. Muthoka akaingia mbio, akifuta matope usoni na kumshukuru Mungu. Nilitazama nyuma. Vigogo viwili vilikuwa vizima, vimelala kwenye matope. Cha tatu kilikuwa kimekatika shingoni. Dakika mbili zingalitosha kuvirudisha na kuomba radhi. Nimejiambia mara nyingi kwamba hatukuwa na dakika mbili. Tulikuwa nazo. Niliogopa tu Muthoka asiniulize kwa nini vigingi vya mbuzi vinaombwa radhi.

Nikatia gia.

Hatujafika mbali, garini kukanuka tembo la mnazi. Na Mbula akanyamaza kabisa.

"Mbula!" Muthoka akaita.

"Niko," akajibu kwa mnong'ono. "Huyu mama amenishika mkono. Mkono wake una baridi..."

Muthoka akanitazama. Mimi nikatazama barabara. Sikugeuka, na hadi leo sijui ningaliona nini.

Mtoto alizaliwa tulipofika tu, wa kike, mzima. Hakulia. Alifumbua macho na kututazama. Mgongoni alikuwa na alama nyeusi za mshazari, zimepangwa safu kwa safu. Muuguzi alisema watoto wengi huzaliwa na alama, zitafutika. Huenda. Lakini mimi nimepigilia vipande vya tairi kwa mikono hii, nayajua meno ya tairi.

Mbula alimwita Jumwa. Kwao Ukambani hawana jina hilo. Alisema yule mama wa nyuma ya gari alijitaja hivyo. Muthoka alisema ni uchungu wa uzazi uliomchanganya, akaliacha jina likae.

Siku ya pili aliniletea jogoo. "Umeniokolea watu wawili," akasema, machozi yakimlenga. Nilimla yule jogoo. 

Siku ya tatu nilirudi bondeni na kibuyu cha tembo. Vigogo viwili vilikuwa vimesimama tena, vimeoshwa. Bibi mmoja alikuwa akifagia mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umechelewa."

Hakuniuliza jina wala nilikotoka. Alipokea kibuyu, akamwagia kigogo cha kwanza. "Baba yangu." Akamwagia cha pili. "Ami yangu." Kisha akasimama penye shimo la kigogo cha tatu, akakifunika kibuyu.

"Na hapo, bibi?"

"Dada yangu Jumwa. Hayupo. Ulimvunjia kiti, akapanda gari."

"Nifanye nini?"

"Kamwambie mwenye mtoto ulichomfanyia. Kwa kinywa chako, mbele ya watu. Ukisema, tutachonga kiti kipya, naye atarudi kukaa. Usiposema, hatasikia akiitwa."

Nilikwenda siku hiyo hiyo, naapa. Nilifika kwa Muthoka, maneno yamenijaa mdomoni. Aliponiona aliwaita majirani wote. "Huyu ndiye! Huyu ndiye aliyemleta mwanangu duniani!" Wakanishika mkono mmoja mmoja. Ningewaambiaje? Nikala ugali wao nikaondoka.

Hiyo ni miaka minne sasa.

Jumwa ni mtoto mpole. Anatii, anakula, haumwi. Ana jambo moja tu. Mvua ikinyesha na akasikia Landrova inakuja, huacha mchezo wake, akatoka hadi njiani. Hulala kifudifudi ndani ya mfuo wa gurudumu. Hujinyoosha, mikono ubavuni, akangoja. Muthoka amezungushia ua wa miiba, lakini hupata pa kutokea. Usiku Mbula hufunga mlango kwa kamba.

Juma lililopita nilipita kwao jioni, mvua imekatika punde. Nilikata kona... alikuwepo. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari liliteleza, likasimama hatua moja kutoka kichwani mwake.

Nilishuka. Niliinama nimwinue. Mwili wake ulikuwa wa baridi, mgumu, mzito kuliko mtoto. Nilisikia harufu ya tembo. Hakugeuka. Alisema polepole, mdomo kwenye matope:

"Mjomba... mimi ni kigingi cha mbuzi?"

Neno lile nilimwambia mtu mmoja tu, bondeni, kabla mtoto huyu hajazaliwa.

Muthoka alikuja mbio, anahema, akajaribu kucheka ili anipunguzie hofu. "Anakupenda sana, Mwero, ndiyo maana anakungoja njiani! Amekuambia nini?"

Alisimama mbele yangu, na majirani wawili nyuma yake. Watu walikuwepo. Kinywa nilikuwa nacho.

"Hajasema kitu," nikamjibu.

Jumwa akarudisha mikono yake ubavuni, akalala tena.