Mkono wa Koti

Rafiki yangu Zedekiah alikuwa seremala kule Dagoretti. Tangu alipougua mwaka wa sitini na nane, sikio lake moja lilisikia kila sauti ikiwa nyembamba kuliko lilivyoisikia jingine, na akiitwa aligeukia upande usio sahihi. Mkewe Nanjala akaacha kumwita. Alimvuta tu mkono wa koti, upande ule aliosimama.

Miezi mitatu baada ya Zedekiah kumzika Nanjala, mwajiri wake alimtuma mjini akapimwe masikio kabla hajarudishwa kwenye msumeno wa umeme. Daktari alimvika visikilizio masikioni, akazima taa ili asimwone akibonyeza vitufe vya mashine. Chumba kilinyamaza hata Zedekiah akasikia pumzi yake mwenyewe, kwa sauti mbili.

“Mlio umetangulia kufika sikio lipi, mzee?”

Alisikia mlio mmoja mwembamba na mmoja mnene, basi; upi umetangulia, masikio hayakumwambia. Hata hivyo alijibu: kulia, kushoto, kushoto tena.

Taa ilipowaka, daktari alimkazia macho.

“Umepata yote thelathini. Mwenye masikio kama yako hubahatisha. Umejuaje?”

Zedekiah alikuwa akitazama mikono ya koti lake. Yote miwili ilikuwa imekunjamana, na ule wa kushoto ulikuwa bado unavutwa, taratibu, kuelekea mlangoni.