Taa Moja ya Barazani

Gizani mama huwajua wanawe kwa mikono. Mkono wa Masika, mkubwa, ulikuwa mkavu na wa haraka. Wa Biira, mdogo wake, ulinata kila siku, hata baada ya kunawa. Jioni hiyo Jeanine alimega samaki akawatilia kiganjani, mmoja baada ya mwingine, kama alivyozoea tangu nyumba yao ianze kula gizani. Akatoa kipande, kikapokelewa. Akatoa cha pili, kikapokelewa. Kisha Biira akauliza, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, mbona yeye hajapewa.

Masika aliapa kwamba amechukua kimoja tu. Jeanine akawaambia wote wawili waache uroho, akampa Biira kipande chake mwenyewe, na jambo likaishia hapo. Ila alipokuwa akikusanya sahani alikumbuka kwamba mkono wa pili haukunata. Ulikuwa wa baridi, umelowa, kama mkono uliotoka kufua nguo mtoni.

Kichekesho ni kwamba nyumba hiyo ilikuwa na umeme. Mwenye nyumba, Blasio Tsongo, karani wa mizani kwenye ghala moja la kahawa mjini Kasese, alikuwa wa kwanza mtaani kuvutiwa waya, na hakumruhusu mtu asahau. Mwaka wa sabini na tano kila kitu kilipanda bei, sukari, sabuni, nauli, na umeme nao ukafuata. Majirani walikata umeme wao wakarudi kwenye vibatari bila kuona aibu. Blasio aliona aibu, kwa sababu alikuwa anautaka uenyekiti wa ushirika wa wakulima, na kwa hesabu yake mwenyekiti hawezi kunuka mafuta ya taa. Akafungua balbu zote za ndani, akaziuza ila moja ya akiba, akabakiza inayowaka moja tu barazani, kubwa, iliyowaka tangu jua lilipozama hadi mpita njia wa mwisho alipokwenda kulala. Semakula, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, alishona suruali za watu kwa mwanga huo na kumwita Blasio "Bwana Taa" usoni. Kisogoni alimwita vingine.

Jeanine alipolalamika kwamba watoto wanajikwaa, mumewe alimjibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu.

"Mama Masika, mwangaza ya ndani nani anaona?"

Kibatari nacho alikikataa, maana moshi ungetokea dirishani na watu wangejua. Friji, alilolinunua enzi za neema, lilisimama sebuleni, waya wake umefungwa fundo, na ndani yake walihifadhi maharagwe.

Jeanine alikuwa Mnande wa Beni, upande wa Kongo. Siku za soko alikwenda Bwera, mpakani, kuuza vitenge. Mimba yake ilikuwa kubwa tayari. Kwa Wanande na Wakonzo, watu wa mumewe, ambao ni ndugu waliochorewa mpaka katikati, jina la mtoto halitafutwi, linamsubiri. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu. Mvulana wa kwanza ni Baluku. Ukitajiwa majina ya watoto wa mtu unajua wako wangapi, na likikosekana moja katikati unajua kwamba kuna kaburi, unapunguza sauti.

Utani ndio uliomponza. Jioni chache baada ya ile ya samaki alipakua bundu, ugali wa muhogo, akajishika tumbo, akaita kwa furaha: "Masika. Biira. Na weye Kabugho. Mukuye mule."

Masika akasema yuko. Biira akasema yuko. Na kutoka upande wa friji, chini, karibu na sakafu, sauti ndogo ikasema, "Niko."

Alidhani ni Biira anafanya mchezo. Akacheka. Akamega hata tonge la tatu, akalishika hewani kwa kujifurahisha tu, na likachukuliwa.

Hakucheka tena. Tangu siku hiyo, kila walipokula, palisikika kutafuna kulikokuwa nyuma kidogo ya kutafuna kwa wengine, kama mtoto anayejifunza kwa kuwaiga wakubwa zake, na sebule ikaanza kunuka majivu yaliyomwagiwa maji. Wasichana walizoea upesi, na hilo ndilo lililomtisha mama yao kuliko kutafuna kwenyewe. Biira alimweleza, bila hofu yoyote, kwamba Kabugho hataki kulala mkekani kwa sababu mkekani kuna joto. Jeanine alileta maji ya baraka kutoka parokiani, akanyunyiza kila pembe, akaacha kikombe juu ya friji; asubuhi aliyakuta yameganda.

Kisha friji likaanza kunguruma.

Blasio alipiga magoti akashika waya: bado uko na fundo lake, haujagusa ukuta. Akafungua mlango. Baridi ikamjia usoni, na maharagwe yalikuwa na umande. Mtu mwingine angetoka mbio hadi stesheni. Blasio alikwenda kununua bia. Aliporudi alizipanga chupa juu ya maharagwe, akafunga mlango taratibu, akamwambia mkewe asimsimulie mtu, kwa maana Mungu naye humkumbuka anayejua kubana matumizi. Sasa wanachama wa ushirika wangekuja kunywa bia baridi kwake, mwaka ambao hata matajiri walikuwa wamezima mafriji yao.

Jeanine ndiye aliyeisikia baridi hiyo mwilini. Alijifunga vitenge vitatu juani, pale Kasese ambapo mchana mabati huchoma mkono, na bado meno yakagongana. Na mtoto tumboni, aliyekuwa akirusha mateke mpaka kumwagisha chai, akaanza kusogea polepole, kisha kwa nadra, kama mtu anayegeuka usingizini ndani ya nyumba ambayo moto wake umezimika, mpaka zikafika siku ambazo mama yake alikaa mkono juu ya tumbo akingoja na hakuna kilichogeuka.

Akapanda gari hadi Bugoye kwa mama mmoja aitwaye Ketura, mkunga, ambaye watu walimwendea pia kwa mambo yasiyopelekwa hospitali. Huko Bugoye nyaya za umeme zilipita juu ya mapaa zikiteremka bondeni na kuwaacha watu chini yake na vibatari vyao, kwa hiyo Ketura hakuwa mtu wa kushangazwa na taa. Alikuja na Jeanine hadi Kasese mchana, akakataa chai. Akaweka kiganja juu ya tumbo la Jeanine, akakiweka juu ya mlango wa friji, akarudi tena kwenye tumbo.

"Hii baridi haiko ya bure," alisema. "Hii ni joto ya mutoto yako. Inakwenda pale."

Waislamu wa mjini wangesema ni jini, na wazee wa milimani wana majina yao. Ketura hakukipa kitu hicho jina lolote. Alisema kimeshapewa, na hapo ndipo penye taabu. Alieleza kwa sauti ya chini, macho yake kwenye friji, kwamba kitu hicho kilikuwa kinapita barabarani tu. Kikaona taa, na taa ya nje humwambia mpita njia karibu. Kikaingia, kikakuta ndani giza, yaani kikakuta kwao. Hata hivyo kingeweza kupita zake, lakini mama mwenye nyumba alikiita kwa jina na kukilisha kwa mkono wake. Mtoto wa tumboni akija mvulana, basi ni Baluku, hana ugomvi na mtu. Akija msichana, atakuta jina lake lina mwenyewe. Na Kabugho wawili hawakai kwa mama mmoja.

Jeanine aliuliza ni yupi atakayeondoka.

"Mwenye alikuja nyuma," alisema Ketura.

Dawa yake haikuwa na manyoya wala damu, na pengine ndiyo sababu Blasio hakuiheshimu. Taa iwake chumbani kwa Jeanine usiku kucha mpaka ajifungue. Ile ya barazani izimwe. Friji litolewe nje, ling'olewe mlango, likae juani. Blasio alisikiliza yote huku akitikisa kichwa kama mtu anayesomewa bili. Akatii nusu. Balbu ya akiba aliiweka chumbani, lakini barazani palibaki na mwanga na friji likabaki mahali pake, kwa kuwa Jumamosi wageni wa ushirika walikuwa wanakuja na yeye alikwisha tangaza bia.

Nusu hiyo ilikuwa na kazi yake. Chini ya balbu Jeanine alipata joto, na siku ya pili mtoto alirusha teke moja, la hasira, na mama yake akalia kwa kulipokea. Lakini sebuleni friji lilinguruma kwa nguvu zaidi, kucha zikakwaruza bati lake kwa ndani, na jioni, pale mwanga wa chumbani ulipokomea kizingitini, kitu kilikaa upande wa pili wa mstari kikiita "Mama," bila kuchoka, kama mtoto aliyefungiwa nje.

Jumamosi uchungu ulianza tangu alasiri. Ketura alikuwa ameshafika. Wasichana walipelekwa kwa mke wa Semakula. Wageni wakaketi barazani, chupa zikafunguliwa, watu wakazishika mashavuni kwa mshangao, na Blasio alikuwa anaanza kueleza jinsi mtu mwenye mpango anavyoweza kuishi hata umeme ukipanda, pale balbu kubwa ilipotoa mlio mdogo ikafa.

Mjini kote hapakuwa na balbu ya kununua mwaka huo. Wote walijua. Blasio naye alijua iko wapi moja.

Aliingia chumbani na leso mkononi, asiungue. Jeanine alikuwa ameshika ukingo wa kitanda, jasho linamtiririka, na alipoona ile leso alielewa kabla mumewe hajafungua kinywa.

"Baba Masika, hapana."

"Dakika kidogo tu. Wageni wako kwa giza."

Ketura alimwambia kwamba humu ndani kuna mtu anazaa. Blasio akasema wanawake wamezaa gizani tangu dunia iumbwe, na katika hilo hakukosea. Akapanda kiti, akazungusha, akatoka na mwanga mkononi kama aliyeokota yai.

Giza lilipoingia liliingia lote pamoja, na sebuleni friji likanyamaza, na katika ukimya huo Jeanine alisikia mlango wa friji ukifunguka, kisha nyayo ndogo zenye maji zikija sakafuni bila haraka, zikivuka kizingiti ambacho siku zote hizo hazikukivuka, zikizunguka kitanda hadi miguuni, huku harufu ya majivu mabichi ikimjaa kooni na Ketura akimnong'oneza asukume, asitazame, asukume tu, mpaka mwili wake ukafunguka na mtoto akatoka akilia, moto, mzima, mwenye sauti.

"Ni nini?" Blasio aliuliza mlangoni.

Mikono ya Ketura ilikwisha jua. "Musichana," alisema.

Na Blasio, mbele ya wageni wake, chini ya taa yake, akainua chupa akatangaza kwa sauti ya mwenyekiti: "Watu wangu, Kabugho amezaliwa!"

Makofi yakalia barazani. Chumbani kilio cha mtoto kilikatika kama kilichobanwa. Na kutoka miguuni pa kitanda sauti ndogo ikajibu, kwa adabu, "Niko, baba."

Kikapanda kitandani. Jeanine aliuhisi uzito wake mdogo ukitembea kando ya paja lake kuelekea kifuani, alipolazwa mtoto. Ketura alikuwa anamsugua mtoto mgongoni, anampulizia puani, na ngozi yake ilikuwa inapoa chini ya vidole vyao. Akasema kwa pumzi tu, "Sema nayo. Weye ndiye mama. Mimi haitanisikia."

Jeanine alikuwa ameshasema nacho siku nyingi. Alikwisha amuru, akaomba, akatukana kwa Kifaransa cha masista. Kilichobaki ni kimoja, na hakutaka kukisema, na mtoto akawa baridi.

"Kabugho."

"Niko, mama."

"Weye ni wa tatu. Nimekubali. Huyu ni mudogo wako. Huyu ni Mbambu."

Halafu mkono mdogo uliolowa ukatoka juu ya mtoto, ukapapasa gizani, ukaingia katika kiganja cha Jeanine, pale pale kilipochukuliwa kile kipande cha samaki, ukatulia. Mbambu akalia.

Blasio alipata uenyekiti wake. Bia ilikuwa baridi kweli. Lakini alikuwa ameisikia ile sauti ikimwita baba, na tangu usiku huo barazani kwake hapakuwaka kitu. Alitafuta balbu mpaka Mweya kwa watu wa hoteli, akazitia kila chumba, zikawaka usiku kucha nyuma ya madirisha ya mbao yaliyofungwa, bei ikapanda tena na akalipa bila neno. Taa hazikumfukuza yule wa tatu. Zilimfanya abaki ndani ya friji tu. Semakula alirudi kwenye kibatari chake, akawa anawaambia wateja kwamba Bwana Taa amekatiwa umeme.

Miezi ilipita. Siku moja ya soko huko Bwera, Marie-Louise, muuza vitenge wa Butembo, Mnande mwenzake, alimwona mtoto mgongoni mwa Jeanine akamchezea shavu, akauliza jina. Akaambiwa ni Mbambu. Akauliza na mwenye kumtangulia. Akaambiwa Biira.

Marie-Louise akaacha kutabasamu. Akamwekea mwenzake mkono begani, akapunguza sauti, kama inavyopasa.

"Pole, dada. Kabugho mulimuzika lini?"

Jeanine alimaliza kwanza kukunja kitenge alichokuwa nacho.

"Hatukumuzika," alisema. "Iko ku nyumba."