Zeituni na Kompyuta Isiyo na Picha

Kila asubuhi ya likizo, Zeituni alifungua duka la shangazi yake, Habiba, katika mtaa wa Manyatta, karibu na ziwa. Alifagia, akanyunyiza maji mlangoni kutuliza vumbi, kisha akapangusa kioo cha kompyuta. Mwaka huo wa 1998 kazi hiyo ilimtia kinyaa. Sami, wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi, walikuwa wameganda kiooni. Kitambaa kilipopita, waliacha utelezi wa kijani wenye harufu ya samaki waliooza.

"Ptuu!" alitema mate nje.

Shangazi Habiba alijipatia riziki kwa kupiga chapa barua na mitihani. Lakini diski za wateja zilikuwa zimeleta virusi, na kompyuta ikawa inazimika katikati ya kazi. Ndipo Mwalimu Walubengo, jirani aliyefundisha hesabu, alipoisafisha yote na kuiwekea mfumo mwingine wa kuiendesha, uitwao Linux.

"Virusi hivi haviuwezi mfumo huu," alisema, akiwapa karatasi za maelekezo. "Ila ni mgeni kwenu. Someni karatasi hizi kwanza."

"Zeituni, utasoma kisha utanifundisha," Shangazi alisema. "Ijumaa Mwalimu Opiyo wa Kombewa anakuja kuchukua mtihani wa shule yake. Akiridhika, atatupa kazi zake zote."

Shangazi alipokwenda sokoni, Zeituni aliziweka karatasi kando, akawasha kompyuta. Hapakuwa na picha wala rangi. Kioo kilikuwa cheusi tititi, na maandishi meupe yakauliza jina. Aliandika jina lake. Yakauliza neno la siri, lile aliloachiwa na Mwalimu Walubengo. Alibonyeza herufi moja baada ya nyingine, lakini hakuna kilichoonekana. Kisha mashine ikamjibu kwamba amekosea. Akarudia. Amekosea tena! Mara sami akamwingia mdomoni. Zeituni alimtema.

"Takataka hii!" alifoka. "Nani atatumia uchafu kama huu?"

"Kwani umesoma zile karatasi?" aliuliza rafiki yake Beldina, aliyekuwa ameketi kwenye benchi.

"Upuuzi mtupu. Hata kuzishika sitaki."

Shangazi aliporudi, aliuliza, "Umesoma zote?"

"Zote, Shangazi. Huo mfumo umeharibika."

Shangazi aliketi. Kisha akaanza kuzifunga karatasi za mtihani, zilizoandikwa kwa mkono, kwenye mfuko wa plastiki. "Basi kesho nitamrudishia Mwalimu Opiyo mtihani wake, atafute mtu mwingine."

Beldina alimvuta Zeituni nje. "Yawa! Mbona umemdanganya mama wa watu?"

 Kinyaa kilimpanda Zeituni tena, na safari hii hakikutokana na wadudu. Kilitokana na maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe. Akarudi ndani.

"Shangazi, nimekudanganya. Sikusoma hata ukurasa mmoja. Niliichukia tu hii kompyuta."

Shangazi akauweka mfuko kando. "Zilete hapa hizo karatasi," alisema.

Beldina aliwasomea kwa sauti. Kumbe neno la siri lilifichwa makusudi, ili mtu aliye nyuma yako asilione! Na kumbe mfumo ule ulitofautisha herufi kubwa na ndogo. Zeituni alikuwa ameanza jina lake kwa herufi kubwa, kama alivyofundishwa shuleni. Aliandika upya, taratibu. Mashine ikamkubali.

"Imefunguka, na bado ni mbaya," alinung'unika. Beldina akacheka.

Walijifunza amri moja moja. Kuna siku maswali mengi yalipotea kwa sababu Zeituni alisahau kuyahifadhi. Alikunja uso, akayaandika tena. Kompyuta haikuzimika hata mara moja. Ijumaa, Mwalimu Opiyo alipitisha kidole kwenye kurasa zilizochapishwa, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Kazi safi, Mama. Nitaleta na ya darasa la sita."

Alipoondoka, Shangazi alimgeukia Zeituni. "Kuchukia kitu si kosa. Kosa ni kukihukumu kabla hujakijua. Na ukishindwa, sema umeshindwa, usiseme kimeharibika. Ningemfukuza mteja kwa mkono wangu, nikiamini maneno yako."

"Nimeelewa, Shangazi," Zeituni alisema akiinamisha kichwa. "Lakini hii kompyuta bado siipendi."

"Si lazima uipende, mwanangu," Shangazi alisema. "Lazima useme kweli, na ufanye kazi."