Magongo Yaliyoyeyuka

Jua lilikuwa linaaga pale Kinyozi alipofunga duka lake, akakung'uta nywele za watu shingoni, akashika njia ya kwenda kwa Mzee Kilo, muuza vyuma chakavu. Safari ya kawaida kabisa. Wanaume wengine wakitoka kazini hukimbilia mpira, wengine karata. Yeye ugonjwa wake ulikuwa kuyeyusha alumini. Nyuma ya nyumba alijenga tanuri la ndoo kuukuu na udongo, akaweka feni ya kupulizia makaa, koleo refu, na chungu cha chuma alichokikata kutoka kwenye mtungi wa gesi. Makopo ya soda, pistoni za pikipiki, fremu za madirisha, vyote viliingia humo vikawa maji meupe yanayong'aa. Hakuuza hata kijiko. Alipenda tu kukiona kitu kigumu kikilegea.

Na yeyote atakayewaambia kwamba mtaani pale palikuwa na mtu wa kumshinda Kinyozi kwa kusubu, kumimina chuma kikatoka umbo, mwambieni aende akalale. Jamaa alikuwa anasubu kitasa cha mlango huku anapiga mluzi!

Dada yake ndiye aliyempachika jina la Waziri wa Makopo. Dada huyo alihamia pale tangu mke wa Kinyozi alipofariki, amsaidie kumlea Kidoti, binti wa pekee, mtoto wa miaka sita mwenye doa jeusi juu ya mdomo. Mtoto yule hakuwa anatembea. Alikuwa anaruka.

"Kaka, wenzio jioni wanakunywa chai, wewe unakunywa moshi," dada mtu alikuwa akimwambia.

"Moshi hauhitaji sukari, dada."

Sasa jioni hiyo, kwa Mzee Kilo, juu ya rundo la masufuria yaliyobonyea, yalilala magongo mawili ya alumini.

Mafupi.

Ya mtoto.

Mpira wa chini ulikuwa umelika upande mmoja, na mahali pa kushikia palizungushiwa kitambaa kilaini, kazi ya mtu aliyekuwa na huruma.

"Ya nani haya?" Kinyozi akauliza.

"Ya mizani yangu," Mzee Kilo akacheka. "Tangu lini wewe ukakiuliza chuma jina la baba yake?"

Na kweli. Watu wa kazi hii hawaulizi. Kinachofika kwenye rundo ni chakavu, basi. Kinyozi akayatia kwenye gunia.

Nyumbani akawasha makaa. Alipokibandua kile kitambaa, ilimjia harufu ya mafuta ya kumpaka mtoto, mbichi kabisa, kama mtoto mwenyewe ametoka kuogeshwa sasa hivi. Akakunja pua. Akayakata magongo kwa msumeno, akavitumbukiza vipande chunguni.

Kiii...

Chuma baridi hulia kikiingia kwenye moto, hilo analijua. Lakini mlio huu ulivuta pumzi katikati, kisha ukaendelea.

Aliongeza kasi ya feni asiusikie.

Mabomba yale yalikuwa membamba, hata nusu ya chungu hayakufika. Na chungu kikiwa nusu, alumini hupoa kabla haijafika pembe za kalibu, lile shimo la mchanga linalotoa umbo, kitu kikatoka na matundu. Ndiyo maana watu wa kazi hii hujaziliza chakavu kingine. Kinyozi akapeleka mkono kwenye pipa la chakavu bila kutazama, akashika kitu, akakitupia ndani. Alipogeuka akaona ni nini.

Ulikuwa mfuniko wa sufuria ya marehemu mkewe. Sufuria yenyewe ilitoboka zamani. Mfuniko alikuwa amejiambia atautunza, akawa anautunza hivyo hivyo, ndani ya pipa, wanaume mnajuana. Alinyoosha koleo... Umeshapinda. Ukazama polepole, kama mtu anayejilaza.

"Nisamehe, mama Kidoti," akanong'ona.

Akamimina kwenye kalibu ya mchanga, akasubu bata wa kuchezea. Kilichobaki akakimwaga kwenye mikebe ya samaki kigande humo. Kidoti alimpenda bata yule akalala naye.

Asubuhi Kidoti hakuinuka.

Miguu ilikuwa pale pale, na joto lake, na kovu la goti. Haikutii tu. Daktari akagonga magoti, akapiga picha, akasema mifupa ni mizima, mrudisheni baadaye. Shangazi mtu akakanda kwa maji ya moto huku analia puani. Kinyozi akambeba binti yake hadi dukani, akamkalisha kwenye kiti cha wateja, akawa ananyoa watu huku anamtazama kwenye kioo. Siku ile alimkata mteja sikio.

"Baba," Kidoti akanong'ona walipobaki wawili.

"Naam, mwanangu."

"Mwambie ashuke."

"Nani?"

"Huyu aliyekaa juu ya miguu yangu. Nimemwambia mzito. Anasema hana pengine pa kukaa."

Kinyozi akatazama miguu ya mwanawe. Hapakuwa na kitu. Ila ngozi ya mapajani, chini ya gauni, ilikuwa imebonyea.

Kama mto uliokaliwa.

Jioni hiyo, kiza kikiingia, alikuwa uani na tanuri lake la baridi pale alipoisikia ile harufu ya mafuta ya mtoto. Akageuka. Mwanamke alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, mtandio umemfunika hadi machoni. Geti lilikuwa na kufuli.

"Hodi, baba."

"Karibu... mama. Umepita wapi?"

"Nimekuja kuchukua magongo ya mwanangu."

Kinyozi alitaka kusema hajui habari zake. Macho yake yakaenda yenyewe kwenye chungu.

"Ameachwa njiani," mwanamke akasema kwa sauti ya chini, isiyo na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. "Mimi namwita. Ananisikia. Hawezi kunifuata. Sasa amechoka kukaa chini, amekaa alipopata."

"Kwa mwanangu."

"Kwa mwanao."

"Nimeyayeyusha, mama."

Mwanamke akafanya kitu ambacho Kinyozi hakisahau. Akaketi juu ya mchanga wa kusubia, akajikumbatia magoti, akalia bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka. Kinyozi naye, mfiwa kama yeye, akajikuta amechuchumaa mbele yake.

"Nitayasubu upya. Kesho jioni njoo uyachukue."

"Yote. Usibakize hata tone. Ukibakiza, atarudi kulifuata."

Kinyozi alipopepesa macho, pale mchangani palikuwa patupu. Wala hapakuwa na alama ya mtu aliyekaa.

Kesho yake duka halikufunguliwa. Alimchukua bata mikononi mwa Kidoti, akakusanya vipande vya kwenye mikebe, akachokoa hata matone yaliyogandia kwenye udongo. Dada yake akasimama mlangoni, mikono kichwani.

"Kaka, mfuniko wa wifi si umo humo?"

"Umo."

"Mtoe basi!"

"Nitamtoaje, dada? Ni kama kutoa chumvi kwenye mchuzi."

Hapo ndipo Kinyozi alipolia. Alijua kutenga shaba na risasi, alijua kuengua takataka za juu, lakini alumini na alumini zikishakutana hazina huyu wala yule. Angeweza kukataa, abaki na mkewe ndani ya bata. Chumbani, Kidoti alikuwa anamwomba mtu asogee kidogo.

Akavuta pumzi, akawasha moto.

Alisubu vipande vyembamba, akaviunga kwa misumari ya ribiti, akazungushia kitambaa kwenye mishikio. Magongo mawili, mafupi. Yalitoka mazuri kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza, wala hakupiga mluzi. Jua lilipozama akayaegemeza kwenye kona ya ukuta, akaingia ndani, akafunga mlango.

Tok...

Tok...

Yakaondoka.

"Ameshuka!" Kidoti akapiga kelele, akaruka kutoka kitandani, akakimbia chumba kizima hadi shangazi yake akapiga vigelegele. Kinyozi akamnyanyua, akambusu nyayo.

Asubuhi alikwenda kwa Mzee Kilo, safari hii kuuliza.

"Bwana mmoja aliniletea," Mzee Kilo akasema, mzaha umemtoka. "Alikuwa anahama. Alisema mtoto amemfia, na mama mtu naye hakumaliza wiki. Hakutaka kuyaona tena. Kwani vipi?"

Kinyozi akageuka, akarudi nyumbani.

Jioni ile ile, kwa saa ile ile ya taa kuwashwa, walikuwa sebuleni wote watatu waliposikia kwenye uchochoro.

Tok... tok...

Nyuma yake nyayo za mtu mzima, nyepesi. Mama amempata mwanawe. Kinyozi akatabasamu.

Halafu nyayo nyingine.

Hizi zilikuwa na mkokoto kidogo wa mguu wa kushoto, sandali ikiburura vumbi. Kinyozi alikuwa amelala kitanda kimoja na mwendo ule miaka tisa. Angeutambua katikati ya soko. Dada yake naye aliutambua, akaziba mdomo kwa kiganja.

Magongo yakavuta kwenda mbele. Ile sandali ikavuta kurudi nyuma. Yakasimama mlangoni. Hakuna aliyebisha hodi. Kwa muda mrefu palikuwa na pumzi tu... kisha yakaenda zake, kama msafara usioafikiana njia.

Wanapita kila jioni. Shangazi mtu anasema ni ule mfuniko: mtoto yule anataka kwao, wifi anataka hapa kwake, na chuma ni kimoja. Labda. Tanuri limevunjwa, ndoo imetupwa, na Kinyozi haulizwi tena habari za alumini na mtu anayempenda.

Sasa kila jua likizama hukaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, akamkumbatia Kidoti miguu yote miwili. Ile miguu aliyoiombea isimame. Ina nguvu sasa, na kila mwezi nguvu zinaongezeka.

"Baba, niachie. Mama ananisubiri."

"Najua, mwanangu," anamnong'oneza, na mikono yake inakaza.