Karani na Kovu la Mama

Kila asubuhi kabla ya shule, Karani aliteka ndoo mbili za maji, akafagia chumba cha cherehani, kisha akambadilisha mdogo wake nepi. Karani halikuwa jina lake la daftarini. Walimwita hivyo nyumbani kwa sababu tangu darasa la tatu yeye ndiye aliyesoma kila karatasi iliyoingia mle ndani: vipimo vya wateja wa mama, barua za shule, hata maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa. Mdogo wake wa miezi kumi walimwita Meneja, maana hakuwa na kazi yoyote ila kuamrisha watu kwa kelele.

Karani alizaliwa kwa njia ya kawaida, lakini Meneja alizaliwa kwa upasuaji. Baada ya hapo mama yao, fundi cherehani, alikaa miezi miwili hawezi kukanyaga pedali bila kushika tumbo, na wateja wakahamia kwa mafundi wengine. Hayo angeyameza. Kilichomkaa kooni ni maneno ya wifi yake, yaani shangazi yake Karani, aliyehamia kwao tangu baba aanze kuendesha malori ya safari ndefu.

"Wewe wifi huyu hukumzaa," shangazi alikuwa akisema huku anacheka. "Ulilala usingizi, ukaamka ukakabidhiwa mtoto kama mzigo wa posta. Mimi watano wangu nimewasukuma mwenyewe!"

Mama alikuwa akicheka naye. Kisha alishona mstari mzima bila kuona kwamba uzi umekatika.

Siku mama aliporuhusiwa kutoka hospitali kubwa alikojifungulia Meneja, Karani ndiye aliyemsomea karatasi aliyopewa. Iliandikwa kwamba asishike mimba nyingine mapema. Angalau mwaka mmoja na nusu upite, na miwili ni bora zaidi. Tena uzazi ujao uwe kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji. Mama aliikunja mara nne akaitia chini ya godoro. Na sasa, Meneja akiwa na miezi kumi tu, mama alikuwa na mimba ya miezi mitano.

"Safari hii nazaa mwenyewe," alimwambia Karani wakiwa njiani kwenda zahanati moja ya mbali na mtaa wao, ambako hakuna aliyewajua. "Nikienda hospitali kubwa watafungua faili, waone nilipasuliwa, wanipasue tena. Kwa hiyo mimi sijawahi kupasuliwa. Umenisikia?"

"Lakini mama, ile karatasi..."

"Karatasi haikanyagi cherehani."

Foleni ya zahanati ilifika getini. Mkunga alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na aliuliza maswali bila kuinua kichwa.

"Mimba ya ngapi, mama?"

"Ya pili."

"Ya kwanza ulizaaje?"

"Kawaida tu, nesi. Ndiye binti huyu, ana miaka kumi na miwili."

"Miaka kumi na miwili! Ulichukua likizo ndefu." Mkunga akacheka, kisha akainua macho. Meneja, aliyekuwa mgongoni kwa Karani, alikuwa amenyoosha mikono yote miwili, anamlilia mama. "Na bwana huyu?"

Mama hakumtazama. "Wa mdogo wangu."

"Eti, binti?"

Karani akajitikisa ili kumbembeleza mdogo wake. Meneja alizidi kulia, anamwita mama kwa sauti ile anayoitumia kwake tu.

"Ndiyo," Karani akasema. "Wa mama mdogo."

Mkunga akaandika. Kitandani, mama alishusha nguo kidogo tu akaishikilia nyongani, chini ya tumbo pasionekane. Wanawake wengine walikuwa wanasubiri. Mkunga alipima urefu wa tumbo, akasikiliza mapigo ya mtoto, akasema ni mazuri. Njia nzima ya kurudi mama alimbeba Meneja mwenyewe, amemkumbatia kwa nguvu.

Uchungu ulianza asubuhi ya siku ya shule, miezi minne baadaye. Mama alitaka kutoka mapema, lakini shangazi akamzuia.

"Jikaze, wifi. Ukiwahi watakulaza bure tu. Si ulitaka kuzaa? Basi zaa!"

Walifika zahanati saa sita mchana. Karani aliketi kwenye benchi la nje na Meneja mapajani, shangazi pembeni. Nyuma ya pazia sauti ya mama ilipanda na kushuka, ikapoa, ikapanda tena. Kisha ikapanda na haikushuka.

"Nesi, huku chini panachoma! Hata uchungu ukiachia, panachoma!"

Mkunga alitoka mbio, jasho limemtoka. "Huyu mama ana ugonjwa gani? Mapigo ya mtoto yanashuka na mimi sielewi kwa nini."

Karani alifungua mdomo. Shangazi akamfinya paja. "Nyamaza, wewe. Mambo ya watu wazima."

Karani akasimama. "Alipasuliwa, nesi. Huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Ana mwaka na miezi miwili."

Mkunga hakumgombeza mtu. Alirudi ndani, akavuta nguo ya mama, akaliona kovu. Wakamsikia akiita gari la wagonjwa kwa simu, anarudia neno "haraka" mara nyingi kuliko maneno mengine. Gari lilichukua dakika arobaini.

Hospitali kubwa madaktari walikuta mji wa uzazi umepasuka penye mshono wa zamani. Mama walimwokoa. Mtoto, msichana mwenye nywele nyingi, hakulia hata mara moja.

Siku ya tatu mkunga alikuja wodini kuwatazama. Shangazi alikuwa ameketi miguuni pa kitanda, anajifuta macho.

"Ndiyo mapenzi ya Mungu," alisema.

"Mungu hata mimi namwamini, mama," mkunga akajibu. "Lakini tusimsingizie."

Shangazi akainama. Mama alikuwa anatazama dari. Maziwa yalikuwa yamemjaa, yameloanisha gauni la hospitali, na hakukuwa na wa kunyonya.

"Nilitaka tu kuzaa kama wenzangu," mama alisema.

"Na kutaka si kosa. Wapo wengi waliopasuliwa, kisha wakazaa kwa njia ya kawaida. Ila hupangwa. Ungeniambia mwezi ule wa tano, ningekutuma hapa. Wangetazama ulipasuliwaje, wangehesabu miezi, wangekwambia hatari iko wapi. Yawezekana wangekuruhusu ujaribu hapahapa, daktari yuko jirani. Yawezekana wangekataa, kwa sababu mshono ulikuwa bado mchanga. Lakini mtoto angekuwa na nafasi. Mimi ulinipa kazi ya kukulinda, ukanifunga macho."

Karani alianza kulia. "Mimi ndiye niliyesema Meneja ni wa mama mdogo."

"Ulisema," mkunga alikubali, na hakulipunguzia jambo hilo uzito. "Kisha ukasema ukweli, na kwa sababu hiyo mama yako yuko hai. Sasa shika hili, binti. Mtu mzima akikutuma maji, nenda. Akikutuma dukani, nenda. Akikutuma umfichie nesi habari za mwili wake, usiende."

"Hata kama ni mama?"

Mkunga akamgeukia mama. Aliyejibu ni mama, macho yake yakiwa bado darini.

"Hasa kama ni mama."