Mke wa Kwenye Fomu

Asubuhi hiyo mji wa Palma, kaskazini ya Msumbiji, ulifurika watu kama maji ya bamvua. Ulikuwa mwaka 2017, na gesi iliyogunduliwa chini ya bahari ilikuwa imewaleta madereva, mafundi, wapishi na matapeli. Na wote, ilionekana, walitaka fotokopi saa ileile. Somoe alikuwa kwenye foleni na pasipoti yake, kajitanda kanga nyekundu juu ya gauni la kijivu, jasho likimtiririka. Alikuwa mwanafunzi kutoka Lindi. Chuo kilimtuma akae mwaka mzima, ajifunze Kireno huku akisaidia kuandikisha kaya zitakazohamishwa kupisha mtambo wa gesi.

"Quero duas... duas nakala," alimwambia mwenye duka.

Nyuma yake mtu aliangua kicheko. Alikuwa kijana mrefu, kofia ya viua kichwani, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi mpaka mikono.

"Dada, hicho Kireno ulichotoka nacho Tanzania kina miiba."

"Cheka tu. Kiswahili chako nacho chumvi imezidi."

"Chumvi ndiyo mapishi! Mimi Abudo, mwalimu wa shule ya msingi. Nipe mwezi mmoja, miiba yote nitaichambua."

Mwezi ukawa mitano. Kila baada ya swala ya alasiri simu ya Somoe ililia. Vitenzi vilisahihishwa kidogo, na utani ukachukua nafasi yote iliyobaki. Siku moja Abudo akasema, "Laazizi, wazee wangu wanataka kujua njia ya kwenda Lindi."

"Wanakwenda kununua nini?"

"Kuposa."

Somoe alisujudu kwa shukrani usiku na mchana. Wiki hiyohiyo, ofisini, alikuwa akipanga fomu za kaya. Moja ilikuwa na mwandiko anaoufahamu: Abudo Ussene. Mke: Nazira. Watoto: wawili.

Alimpigia simu palepale.

"Una mke?"

"Nani kakwambia?"

"Saini yako!"

Akakata. Siku kumi na moja hakupokea simu yake.

Siku ya kumi na mbili mwanamke alibisha hodi, uso mweupe kwa msiro, ule unga wa mti wanaojipaka wanawake wa huko, mtoto mgongoni.

"Mimi ndiye Nazira. Usinifukuze kabla hujanisikia. Abudo ni shemeji yangu. Mume wangu, kaka yake, alikwenda kuvua upande wa kisiwa cha Vamizi miaka mitatu iliyopita, hakurudi. Hakuna maiti, hakuna habari. Karani aliniuliza, una mume? Nikasema sijui. Mjane? Nikasema sijui. Akaliruka jina langu. Ndipo Abudo akaniandika mkewe, mimi na watoto tupate nyumba."

"Nawe ukakubali?"

"Mwenzangu, kijiji kinahamishwa. Ningelala wapi?"

Somoe alimkaribisha mkekani, kisha akampigia Abudo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya. Nawakanya watoto wasiseme uongo, kisha mimi nautia saini. Nimemwomba Mungu msamaha, na jana nimeufuta. Karani kasema Nazira angoje uamuzi wa wakubwa."

"Mjinga wewe."

"Mjinga wako."

Somoe alicheka huku analia.

Oktoba, bunduki za waasi zililia Mocímboa, mji ulio kusini ya Palma. Watu waliuawa. Chuo kikamwita Somoe arudi mara moja. Baba yake naye akapiga simu.

"Mwanangu, kijana huyo uliyeniambia anataka kukuoa, anaswali?"

"Anaswali, baba."

"Basi mimi walii wako nimeridhia. Nipe shehe wa huko nimkabidhi uwakala, awaozeshe leo. Uje na mumeo."

Somoe alikimbia mpaka nyumbani kwa Abudo. Alimkuta akifunga godoro la mama yake kwa kamba.

"Baba amekubali! Leo hii!"

Kamba ilimtoka Abudo mkononi. Alikaa chini.

"Mama haiwezi safari ndefu, Somoe; namsogeza hapa karibu tu. Nazira na watoto hawana mtu. Siwezi kuvuka Ruvuma nikawaacha."

"Basi nioe, nitangulie. Utanifuata."

"Na nisipofuata?"

"Inshallah utafuata."

"Nazira naye alisema inshallah. Miaka mitatu hajui akae eda au ampikie mumewe. Sitakufunga hivyo, laazizi. Nenda ukiwa huru."

"Nani kakwambia nautaka huo uhuru?"

Abudo alijifunika uso kwa viganja. Mabega yalitikisika.

Kesho yake, ndani ya gari la kwenda mpakani, bibi mmoja alimtazama Somoe muda mrefu.

"Umeacha mume, mwanangu?"

"Hapana, bibi."

"Ndugu?"

"Hapana."

Somoe aliinua viganja vyake aombe. Alifundishwa dua ya wazazi, ya mume, ya maiti. Ya mtu kama huyu hakufundishwa. Basi akataja jina tu. Ya Rabbi, Abudo. Ya Rabbi, Abudo. Alilirudia mpaka gari liliposimama ukingoni mwa mto.